Uvimbe wa Malale

Tangu kompyuta iliposema kichwa cha Malale kina uvimbe, Scolastica hakukanyaga tena kwangu. Mimi na Malale wote tumefiwa na wake, wote tulimtaka mjane huyu anayeuza chapati hapa Ilembo, na mambo yalikuwa sare: leo anapita kwangu, kesho kwake.

Malale alirudi kutoka hospitali ya mbali na picha ya ubongo wake. Akaibandika dirishani ili mwanga upite, watu wakapanga foleni. Wengine, nasema kweli, walitoka Inyonga kwa pikipiki, na asali mkononi. Aliwaeleza kwamba kompyuta ile ilionyeshwa maelfu ya picha za vichwa vyenye uvimbe wa kila aina, mpaka ikajifunza yenyewe kuutofautisha. Wa kwake ikasema ni meninjioma, ule unaoota kwenye utando wa ubongo, na mara nyingi si saratani. Daktari akaipitia picha mwenyewe, akakubali. Dawa yake upasuaji.

"Inajifunza yenyewe!" Scolastica alistaajabu.

Hapo ndipo iliponiuma. Mimi nimejifunza mwenyewe kutengeneza saa, baiskeli na redio. Kuna redio niliitengeneza ikashika stesheni ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa. Nani alistaajabu? Nikamwambia nami kichwa kinanigonga. Akanipa panado, akaniambia ninywe maji.

Tatizo, Malale aligoma kupasuliwa. Daktari alishaonya kwamba uvimbe ukiachwa utakua, na utamuua. Watoto wake walipiga magoti, padri alikuja, Scolastica alilia. Malale akasema yeye hafunguliwi kichwa kama debe.

Basi kabila langu na la Malale ni watani, na mtani ana ruhusa ya kumchokoza mgonjwa, hata maiti, asikasirike mtu. Nikaingia kwake na futi ya fundi, Scolastica ameketi pembeni yake, nikaanza kupima kitanda, naye Malale amelala juu yake.

"Unafanya nini, Telesfori?"

"Endelea kugoma, mtani. Kitanda hiki kinaenea chumbani kwangu. Na huyu mama usimwonee huruma, nitamwoa kabla matanga hayajaisha."

Scolastica aliinama, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Malale akamtazama sana, akanitazama mimi, akaitazama futi.

"Nipeni viatu," akasema. "Huyu mwizi hatalala kitandani kwangu."

Huko hospitali uvimbe ulitolewa wote. Siku aliyorudi, kichwa kimenyolewa, Scolastica ndiye aliyemshika kiwiko akishuka kwenye basi.

Watu wanasema nilimwokoa kwa akili nyingi. Sibishi. Lakini kitanda nilikuwa nakipima kweli.

Jioni yake nikasikia hodi ya Scolastica. Nikabadilisha shati haraka, nikajipaka mafuta, nikafungua. Ameshika bakuli la mchuzi wa kuku.

"Bila wewe asingekwenda," akasema. "Asante sana, shemeji."

Akarudi kwa Malale bila hata kukaa. Mchuzi ulikosa chumvi. Nikaumaliza.