Betri ya Nne

Kinyozi alikuwa na mpaka Jumamosi jioni kumjibu binamu yake wa mjini: kile kiti kitupu cha saluni anakuja kukishika, au apewe mwingine. Kukishika maana yake ni kumwacha mke na watoto watatu, na kurudi mwisho wa mwaka, Mungu akijalia. Chanzo cha yote kilikuwa betri nne za sola zilizopangwa chini ya benchi la wateja. Zilikuwa hoi. Akinyoa vichwa viwili tu, mashine inaanza kukokota, inang'oa nywele badala ya kuzikata. Mteja wa mwisho aliondoka na nusu kichwa, akaazima kofia, na hiyo kofia haikurudi.

Mkewe alimpelekea mama yake habari, na Jumanne asubuhi bibi akaingia dukani na kikapu chake. Kabla magoti hayajaanza kumsumbua, bibi huyu alikuwa mtia maji wa betri katika gereji ya malori, miaka ishirini na miwili. Shule aliiachia darasa la tatu, lakini namba za betri alizijua kama anavyowajua wanawe.

"Usijisumbue, Mama," mkwewe alisema kwa adabu. "Injinia kashasema zimekufa."

Injinia alikuwa fundi wa sola wa mtaani, kijana mwenye mita kiunoni kama askari na bunduki. Cheo alijipa mwenyewe. Alikuwa pale pale mlangoni, kaegemea.

"Zimekufa kabisa, bibi. Hizo ni chuma chakavu."

"Vizibo umefungua?"

"Nimepima kwa mita."

"Sikuuliza mita, mjukuu wangu. Nimeuliza vizibo."

Injinia akasogea kumpisha.

Bibi aliagiza waya za paneli zifunguliwe kwanza, ndipo za betri. Akavaa glavu, akachuchumaa taratibu, akafungua vizibo kimoja kimoja, sita kwa kila betri. Betri ya kwanza maji yalikuwa yameshuka mpaka bati za ndani zinataka kuchungulia nje. Ya pili ilikuwa na nafuu, ya tatu nafuu zaidi. Ya nne ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Baba, maji mara ya mwisho ulitia lini?"

"Miezi mitano iliyopita, Mama. Zote siku moja, na nilizijaza sawasawa."

Kule gereji bibi alijifunza kwamba betri isiyokunywa maji usiifurahie, huenda hailishwi. Sasa hizi ni pacha, zimenunuliwa siku moja, mbona moja inakunywa kama ngamia na nyingine haionji? Akafuata waya kwa kidole, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Waya mwekundu na mweusi kutoka kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli, zote mbili zilikuwa zimefungwa kwenye betri ya kwanza. Nyingine zilishikana nyuma yake kwa vipande vifupi.

"Nani alifunga hivi?"

Kinyozi akakohoa. "Mimi, Mama. Waya ulikuwa mfupi."

"Umewaweka watoto wanne kwenye sinia moja, sinia lenyewe ukalisukuma mbele ya mkubwa. Mkubwa anakula kwanza, na kazi zote anatumwa yeye. Huyu wa mwisho anaishi kwa makombo." Akatoa kikapuni kipimo cha kioo chenye mpira wa kufyonza asidi, akakichovya kwenye betri ya nne. "Elfu moja mia moja hamsini. Aliyeshiba hufika elfu moja mia mbili hamsini. Huyu amedhoofu. Hajafa."

Waya mwekundu ukabaki pale ulipo, mweusi ukaongezwa urefu ukahamishiwa betri ya nne, ili umeme upite kwa wote. Vichwa vya betri vikasuguliwa kwa maji ya magadi mpaka vikang'aa. Maji ya betri alitia ya kufunika bati tu. Kujaza kungengoja zishibe. Kisha akatoa hukumu: mpaka Jumamosi duka limefungwa. Hakuna mashine, hakuna redio, hakuna taa.

"Hata simu yangu, Mama?" binti yake, mke wa kinyozi, akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Simu yako kaichajie kwa jirani. Hapa kuna wagonjwa."

Jumatano kipimo kilisema elfu moja mia moja themanini. Injinia akapita, akachungulia. "Bibi, marehemu anaendeleaje?"

"Kageuka ubavu."

Alhamisi mawingu yalitanda kutwa nzima na kipimo hakikupanda hata nukta. Kinyozi akaanza kukunja nguo zake za safari. Bibi aliziona, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Ijumaa jua likawaka la kupasua vichwa. Betri zikaanza kuchemka kwa vipovu, na bibi akafungua mlango na madirisha. Mzee mmoja akaingia na sigara mdomoni kuuliza kuna nini.

"Toka nayo nje, kaka. Hewa ya humu ikikutana na moto wako utanyolewa bila wembe."

Mchana elfu moja mia mbili thelathini. Saa tisa, hamsini. Saa kumi, hamsini. Saa kumi na moja, hamsini ile ile, na wenzake wamemzidi kidogo tu.

"Kashiba," bibi akasema. Ndipo akazijaza maji zile zilizopungukiwa.

Jumamosi duka likafunguliwa. Kichwa cha kwanza, cha tano, cha kumi. Mashine ilikuwa inaimba. Watu wakaja kwa udaku, wakanyolewa kwa udaku huo huo. Kufika saa kumi na moja jioni vilikuwa vichwa ishirini na vitatu, na sauti ya mashine haijashuka. Cha ishirini na nne kilikuwa cha Injinia, ambaye mita yake siku hiyo ilikuwa mfukoni.

"Bibi," alisema chini ya shuka, "huo waya mweusi... mtu akishanyolewa, unaweza kumwelekeza?"

"Njoo na glavu. Mita utaitumia baadaye."

Simu ya kinyozi ikaita. Akaibana kwa bega, mkono ukiendelea kunyoa.

"Hicho kiti mpe mwingine, kaka. Hapana, siumwi. Nimesema siji, nina wateja mpaka mlangoni."

Nyuma ya pazia mkewe akapiga kigelegele kirefu.

"Wewe nawe weka simu chini," mama mkwe akamwambia kinyozi, "umtazame huyo kisogo. Unampeleka upande."