Makande ya Zamu ya Pili

Kila aliyepeleka mahindi kusagwa kwa Mwalimu Hezroni pale Suji, juu milimani, aliondoka na unga wake, vumbi jeupe kwenye nyusi, na jibu moja. Mwalimu alikuwa amestaafu shule, lakini chaki ilikataa kumstaafu. Alitundika ubao mweusi kando ya mashine. Ukingoja zamu yako unauliza swali, naye anakuandikia jibu. Kwa nini kitunguu kinaliza? Kwa nini mbwa anatoa ulimi jua likiwaka? Kwa nini radi inamulika kwanza ndipo ingurume?

"Jibu likizidi ubao," alipenda kusema, "basi anayejibu hajaelewa."

Fortunata alikuwa na swali, lakini kwa wiki tatu alilirudisha nyumbani pamoja na unga.

Swali lenyewe lilianzia kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ilipigwa, kijiji kizima kikatoka na majembe kwenda kuzibua ndiva, lile bwawa linalomwagilia mashamba yao, na zamu ya kupikia watu ikaangukia nyumba ya kina Nickson. Fortunata alikuwa ameolewa na Nickson miezi miwili tu iliyopita. Akaomba apike yeye. Kwao Tanga, chini pwani, alishapikia hata maharusi! Akainjika makande saa aliyoizoea, yakachemka, yakafoka, muda wake ukatimia, akapakua.

Maharage yakalia menoni mwa watu kama kokoto.

"Jamani, ndiva tunaizibua au tunaijenga?" Loth, mmoja wa vijana wa kijiji, alipaza sauti, akitema harage kiganjani. "Mbona tumeletewa mawe?"

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Fortunata naye akacheka, ili asilie. Walipofika nyumbani mama mkwe wake, Beatha, hakumgombeza. Alisema tu, "Mkono wa watu wa chini huo," akaingia ndani.

Desturi yao ilikuwa na huruma yenye mpaka. Nyumba iliyoharibu chakula cha msaragambo hupewa zamu ya pili ijisafishe. Ya tatu haipo. Ukishindwa tena, sufuria kubwa inahamia kwa wengine, na wewe unabaki mchota maji, wenzako wakipika na kupiga soga jikoni. Fortunata hakuwa na ndugu wala rafiki mlimani. Aliiona miaka yake yote ijayo akiwa amesimama nje ya jiko na ndoo kichwani.

Basi akajaribu na kujaribu. Kila makande yalipokaidi, aliongeza kuni. Moto ukanguruma, maji yakaruka na kukauka, maharage yakabaki vilevile.

"Kuni zimekwisha, harage lipo," Beatha alisema mlangoni, akaondoka.

Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya zamu ya pili, Fortunata alisimama mbele ya ubao. Kwa bahati mbaya Loth naye alikuwa kwenye foleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Leo una swali. Limekuwa usoni mwako tangu juzi na juzi ile."

"Maharage haya haya," alisema polepole, "kwetu Tanga yanaiva. Hapa yanachemka saa zile zile na hayaivi. Nakosea nini?"

"Mkono!" Loth alidakia.

"Wewe Loth, nilikufundisha darasa la tano ukalala. Amka sasa." Mwalimu akachukua chaki. Akaandika taratibu, akisoma kwa sauti: "Hewa huyakandamiza maji. Mlimani hewa ni nyepesi, hukandamiza kidogo, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha." Akageuka. "Tanga maji yanayochemka ni ya moto zaidi kuliko ya Suji yanayochemka. Ukiongeza kuni, yanakauka haraka tu, hayazidi moto. Dawa ni muda. Loweka tangu jana yake, funika vizuri, anza mapema. Hujakosea kitu, binti. Umehama tu."

Hujakosea kitu. Fortunata alimsogelea Mwalimu. Akainama, akambusu mzee wa watu mkono uliojaa chaki, akatoka mbio akausahau unga. Ilibidi Loth amkimbilie nao.

Beatha alikuwa anapeta mahindi uani. Alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho, ungo umetulia magotini.

"Rudia hapo," alisema. "Pa hewa."

Fortunata akarudia.

"Unajua mimi nimezaliwa huko huko chini, Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge," Beatha alisema. "Nilipoolewa huku, makande yangu ya kwanza yalikuwa mawe kama yako. Mama mkwe wangu akasema nina mkono mvivu. Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri kuinjika. Miaka thelathini na minane, mwanangu, naamka saa kumi, nadhani natibu uvivu." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe ni hewa."

"Mbona hukuniambia nianze mapema, mama?"

"Nilisema acha ajifunze kama nilivyojifunza mimi. Nisamehe."

Siku ya msaragambo waliamka wote wawili. Maharage na mahindi yalikuwa yamelowekwa tangu jana yake. Wakatandika majani ya mgomba juu ya sufuria, wakafunika, wakaweka jiwe. Moto wakauacha mdogo, wakakaa kando yake wakisimuliana, huyu Tanga, yule Korogwe.

Kule kwenye ndiva Loth alitafuna kijiko cha kwanza kwa tahadhari. Akatafuna cha pili. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Shemeji, ongeza. Na mawe yakibaki, niwekee ya kesho."

Wiki iliyofuata Beatha alikwenda kusaga mwenyewe, Fortunata akimfuata na bakuli la makande lililofunikwa, la Mwalimu. Miaka yote ile Beatha hakuwahi kuuliza chochote pale.

"Shikamoo, Mwalimu. Asante kwa ajili ya mkwe wangu. Asante na kwa ajili yangu." Akasita, kisha akasogea karibu na ubao. "Sasa nina lingine. Mwezi. Tangu nikiwa mdogo, nikitembea unanifuata, nikisimama unasimama. Unanitaka nini?"

Mwalimu Hezroni alifuta ubao wote kwa kiganja, akampa chaki.

"Andika swali lako, mama. Leo anayeanza kuandika ni wewe."