Mahindi Yaliyovunwa Mabichi

Navalayo alikuwa akikwangua neno "kisasi" kwa wembe, polepole, karatasi isije ikatoboka. Neno hilo alilitoa kwenye taarifa ya polisi, akaligonga kwenye taipu bila kufikiri. Ripoti yake ya kumshauri hakimu kuhusu mshtakiwa ilitakiwa mahakamani Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, mvua ya saa tisa inapiga mabati, na wenzake katika ofisi ya probesheni, inayowaangalia waliohukumiwa kifungo cha nje, walikuwa wametoka kunywa chai mjini Kakamega wasirudi.

Mshtakiwa ni Makhanu, mkulima wa Lumakanda, umri miaka hamsini na minne. Usiku mmoja wa Agosti aliingia katika shamba la jirani yake wa kabila lingine, mjane aitwaye Cherotich, akavuna ekari nzima ya mahindi mabichi. Watu walisema analipiza vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili. Lakini Makhanu hakupeleka kwake hata hindi moja. Aliyarundika yote mlangoni pa Cherotich, akayafunika kwa karatasi ya nailoni, yakaozea hapo.

Kwenye droo Navalayo alikuwa na kitabu cha saikolojia kisicho na jalada, alichokinunua sokoni na kukisoma mara mbili kwa msaada wa kamusi. Kilisema kwamba tendo moja linaweza kutazamwa kutoka pande kadhaa. Kwa hiyo, alipokwenda rumande, alianza na utoto. Alikuta mama aliyekufa mapema, na hakuna zaidi. Hakutaka kulazimisha.

Upande wa hofu ulikaa vizuri zaidi. Mwaka ule wa vita Makhanu na mkewe walikimbia mahindi yakiwa bado mabichi, wakarudi wakakuta majivu. Tangu hapo alivuna kila Agosti, miezi miwili kabla ya wenzake. Navalayo aliandika kwa penseli kwamba mwili wake ulijifunza kuona hatari katika mahindi yaliyosimama, na kwa kuwa kila mwaka alivuna na hakuna aliyewavamia, hofu ilijiona imesema kweli. Mahindi yenyewe yalishika ukungu. Mkewe, Awinja, alivumilia mavuno matatu ya namna hiyo, kisha akarudi kwao Likuyani.

Bado hilo halikueleza shamba la Cherotich. Navalayo alipomuuliza, Makhanu alitazama viganja vyake.

"Yangu nilikuwa nimemaliza," alisema. "Nikasimama kwa ua nikaona ya yule mama bado. Yeye pia hana mtu, madam. Nani angemwambia avune mapema?"

Jibu hilo Navalayo hakulipata popote kitabuni.

Cherotich alikuwa amefika ofisini jana yake kutoa maelezo. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake, maana hakujua atakula nini hadi mavuno mengine. Alisema alipofungua mlango kulipokucha Makhanu alimwambia afungashe nguo akimbie, chakula amekwisha kumtolea.

"Nilidhani amelewa, mjinga yeye," alisema, akacheka kidogo. "Na ananisalimianga vizuri, huyu mzee."

Fomu ya ripoti iliuliza kama mshtakiwa anaweza kurudia kosa. Navalayo aligonga: ndiyo, Agosti ijayo, akiachwa peke yake. Mstari uliofuata ulitaka jina la mtu wa karibu atakayemwangalia, na hakimu hamwachilii mtu ambaye mstari huo uko wazi. Awinja alituma jibu kwamba harudi. Makhanu alipoulizwa anaishi na nani, alitaja redio, kisha akakumbuka kwamba betri ziliisha Juni.

Navalayo aligonga herufi C, akaacha. Alijiuliza kama inafaa kumwomba mwanamke amwangalie mtu aliyemharibia chakula cha mwaka mzima. Hata kama inafaa, jina la mtu haliandikwi kabla hajaulizwa, na maneno hayo hayatumwi kwa barua. Ilikuwa lazima aketi naye, asikie atakavyojibu, na kama ni hapana aikubali.

Alihesabu siku. Akipanda gari la kwanza kesho, atafika Lumakanda kabla Cherotich hajatoka kwenda shambani. Aliiacha karatasi ndani ya taipu, mstari ukiwa na herufi moja, akaifunika mashine na kufunga dirisha.