Mwiko wa Kuficha Jeraha

Mwanabaraka alikuwa amechoka kuwalilia watu ambao hawakuwa na sababu ya kufa. Tangu vita vya maji vianze huko milima ya Umatumbi, majeruhi waliletwa kijijini kwake Nyamwage, maana mkono wake na kisu chake kidogo vilijulikana tangu zamani kwa kupasua majipu. Alitoa risasi, akaosha kwa maji ya moto yenye chumvi, akafunga. Na kila aliyelala kwenye mkeka wake, Mwanabaraka alimuuliza swali moja: umeumia lini?

Majibu aliyaweka kichwani. Waliokuja siku ileile walikuwa wanane, na saba waliondoka kwa miguu yao. Waliokuja baada ya siku tatu, nyama imeshaoza, walikuwa kumi na mmoja. Akapona mmoja tu. Hapakuhitajika mwanachuoni kulielewa hilo.

Walichelewa kwa aibu. Waliambiwa dawa ya maji huigeuza risasi ikawa maji. Aliyepatwa, basi, kavunja mwiko, kalala na mwanamke au kaiba mbuzi wa watu. Kwa hiyo mwanamume alifunga kidonda chini ya shuka, akasema ni mwiba, akala na wenzake mpaka homa ilipomwangusha. Mara mbili Mwanabaraka alimwendea Mwinyimvua, mkuu wa vita wa pale, kumwomba awaambie watu kwamba jeraha si aibu.

"Nikisema hivyo, nani ataiamini dawa?" alijibu Mwinyimvua. "Na nani atakwenda vitani?"

Ijumaa wakamleta Mshamu, mdogo wake wa tumbo moja. Paja lilikuwa limevimba, na harufu ilimtangulia mlangoni.

"Lini?"

"Leo siku ya tano, dada. Wallahi sikuvunja mwiko wowote. Usimwambie mtu."

Alimwamini. Mshamu hata muhogo wa jirani hakuwahi kung'oa. Alikata, akaosha, akakata tena. Jumapili adhuhuri Mshamu akafariki.

Kabla jeneza halijatoka, Mwinyimvua alisimama uani akauliza mbele ya watu wote marehemu alivunja mwiko gani. Mama yao alimkazia macho Mwanabaraka, akingoja amtetee ndugu yake.

"Dawa ilimkinga," Mwanabaraka alisema. "Risasi iliishia kwenye nyama. Kilichomuua ni kuficha. Kuficha jeraha ndio mwiko mkubwa kuliko yote, na Mshamu kauvunja. Asiyekuja kwangu siku ileile, dawa humgeuka."

Habari ya dawa na mwiko ilikuwa uongo mtupu, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwinyimvua akaitikia kwa kichwa. Mama akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki ile walikuja watatu, damu bado inachuruzika. Wa kwanza kulala mkekani alikuwa Mrisho, aliyekua pamoja na Mshamu.

"Mimi si kama yule mpumbavu," alisema huku ameuma meno. "Mimi miiko naishika."

"Tulia," Mwanabaraka alimwambia, akaingiza kisu.