Saa Moja ya Kuwa Nasiha

Bwana Danson alinikuta nikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alikuja na magongo yake mawili akiruka mawe ya njia kama mbuzi, na kabla hajafika kwenye kibanda changu cha mahamri alikuwa ameshaanza kupiga kelele.

"Koki! Zima jiko! Tryphena anajifungua!"

Tryphena ni mkalimani wa lugha ya ishara pale chuoni. Kila siku anakaa mbele ya darasa na kumfikishia rafiki yangu Nasiha maneno ya walimu. Mtoto wake alitarajiwa baada ya wiki tatu, lakini aliamua mwenyewe kuja asubuhi hiyo, Tryphena akiwa bado Mwatate anangoja gari la kuja kazini hapa Voi. Na saa nne asubuhi hiyohiyo Nasiha alikuwa atetee mradi wake wa mwisho mbele ya jopo. Mtahini mmoja alikuwa ametoka mbali, na mchana angepanda treni arudi kwao. Nasiha akikosa leo, kuhitimu ni mwaka ujao.

"Si mtafute mkalimani mwingine?" nilisema.

"Nimepiga simu mpaka sikio limechemka. Wa karibu yuko Mombasa, mahakamani. Nasiha mwenyewe amesema nikuchukue wewe."

"Mimi siongei mbele ya watu, Bwana Danson."

"Hutaongea wewe. Ataongea Nasiha. Twende!"

Bwana Danson ndiye mkuu wa ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, kompyuta moja inayosoma kwa sauti, na yeye. Lakini kumkatalia hakuna anayeweza. Mwaka jana alikaa kwenye ngazi za maktaba siku mbili nzima, akila chakula hapohapo, mpaka wakajenga njia ya viti vya magurudumu.

Ishara kweli nazijua. Kwa kina Nasiha na kwetu panatenganishwa na ua wa michongoma tu, na tangu utotoni tulipatana vizuri kwa sababu yeye hasikii na mimi naona haya kusema. Kila likizo alirudi kutoka shule ya viziwi na ishara mpya, akanifundisha zote, nzuri na mbaya. Kwa mikono mimi ni mchekeshaji. Kwa mdomo, mteja akiniuliza bei namwonyesha vidole.

Njiani Bwana Danson alinipa sheria za kazi, akihema.

"Moja, mikono yake ikisema kitu, wewe kitamke. Usiongeze, usipunguze. Mbili, usiseme 'yeye anasema'. Sema 'mimi'. Wewe leo ni sauti tu, mwenye maneno ni yeye."

Nasiha alikuwa mlangoni na buibui lake jipya. Alinikumbatia, nami nikamwachia alama mbili za mikono ya unga mgongoni. Hatukuwa na wakati wa kupangusa.

Ndani kulikuwa na watahini watatu na wanafunzi kama ishirini waliokuja kutazama. Bwana Danson aliomba mazungumzo yawe ya Kiswahili, kwa sababu mkalimani wa dharura Kiingereza chake ni kidogo. Yule mtahini wa mbali, Profesa Ngui, mzee mwenye ndevu pana nyeupe, alikuna kichwa.

"Mimi Kiswahili yangu si mzuri sana," alisema.

"Tutakuvumilia, Profesa," Bwana Danson akamjibu, akaketi.

Nasiha akainua mikono. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi.

"Sauti!" akasema Bwana Danson.

"Mimi," nilisema, "naitwa Nasiha."

Na hapo kitu kikafunguka. Nilipojisikia nikisema "mimi" bila kuwa mimi, haya ilikosa pa kukaa. Aliyekuwa anatazamwa alikuwa Nasiha! Nikatoa sauti iliyofika ukuta wa nyuma.

"Mimi nilichukua makapi ya mkonge yanayotupwa baada ya kutoa nyuzi. Niliyachemsha, nikayatia mbegu za uyoga, nikayafunga kwenye mifuko kumi na miwili. Sikupewa chumba cha kuiweka, kwa hiyo niliiweka chini ya kitanda changu hosteli. Wiki ya tatu uyoga ulichungulia. Wiki ya nne mwenzangu wa chumba alihama."

Watu wakacheka. Sijawahi kuchekesha watu wanaosikia, na nilihisi kama nimekunywa soda tatu kwa mkupuo. Nasiha alipokosa ishara aliandika neno kwa vidole, herufi moja moja, nami nikalitamka kwa ujasiri mkubwa bila kujua maana yake. Selulosi! Lignini! Mikono yake ikakimbia, mdomo wangu ukakimbia nyuma yake. Alipogeuka kidogo kubadilisha picha ukutani, mikono yake ilisema jambo haraka karibu na kifua, nami sikuacha hata nukta.

"Huyu mzee ana chembechembe za mahamri kwenye ndevu. Akitingisha kichwa zinaruka. Naogopa nitacheka."

Vichwa vyote vikamgeukia Profesa Ngui. Ndipo nikaelewa kwamba hilo Nasiha alikuwa ananiambia mimi, rafiki yake.

Profesa Ngui akazishika ndevu. Chembechembe zikaanguka mezani, na mbaya zaidi, nilizitambua. Mahamri yale yalikuwa yametoka kibandani kwangu. Mwalimu wa kike wa jopo, aliyeketi kando yake, alijificha nyuma ya karatasi, na karatasi ikawa inatetemeka. Nasiha alitutazama wote, hajui lolote, akatabasamu kwa adabu, akaendelea.

Kisha yakaja maswali. Profesa aliuliza kwa nini mifuko miwili haikutoa kitu. Nasiha alijibu palepale: ilikaa upande wa dirisha, jua la Voi likaikausha. Akauliza jingine, likajibiwa haraka vilevile. Profesa akaweka kalamu chini.

"Majibu ni mazuri," alisema. "Lakini hii si mkalimani tunajua. Nitajua aje kama hizi majibu ni za Nasiha, si za huyu dada? Dada, wewe unasomea nini hapa?"

Kwanza nilimpa Nasiha swali lote kwa mikono, kwa sababu ndiyo kazi. Uso wake ukabadilika. Mwaka wake mzima ulikuwa unaning'inia hapo, na hakuna ishara yake hata moja ambayo ingeweza kumsaidia. Swali lilikuwa langu.

"Sasa huyu ni mimi mwenyewe," nilisema. "Naitwa Koki. Sisomi hapa, nauza mahamri pale nje. Mimi niliachia darasa la sita. Hiyo selulosi nimeitaja mara tisa leo, na mpaka sasa sijui kama ni dawa au ni mnyama."

Mwalimu wa kike alishindwa kujizuia. "Profesa, aliyetutangazia ndevu zako hawezi kuficha wala kupamba chochote!"

Hilo nalo nikalifikisha. Nasiha aliruka.

"Ndevu?" nilitafsiri, kwa sababu mikono yake ilikuwa inasema. "Koki, ulisema? Kwa sauti? Mbele yake? Mungu wangu, nitakuua, nitakuzika chini ya uyoga!"

Profesa Ngui alicheka mpaka akavua miwani. Hawakututoa hata nje. Waliegemezana vichwa, wakanong'ona, wakaandika, kisha Profesa akasimama.

"Amepita," alisema. "Tena vizuri sana."

Wanafunzi wakapiga kelele, Bwana Danson akagonga sakafu kwa magongo yote mawili, na Nasiha akanigeukia, macho yakiwa makubwa, akingoja. Ni yeye peke yake chumbani aliyekuwa hajajua. Nami mikono yangu ilikuwa imenasa kwenye mashavu yangu mwenyewe, nacheka, narukaruka, haitaki kushuka.

"Tafsiri, Koki!" Bwana Danson alipaza sauti. "Tafsiri!"

Nasiha alinishika viganja vyote viwili, akavivuta chini, akavitikisa ili viseme.