Timu ya Kuliangusha Joka

Sufuria ya umeme ya wali ililia piii gizani, alfajiri ya baridi, lakini Kanae hakuinuka. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Joka la mchezo aliokuwa akiucheza humo lingeondoka saa moja asubuhi lisirudi tena, na kwa mara ya saba lilikuwa limewafyeka mashujaa wake watano, wote wapiganaji hodari.

"Mama, umewapanga vibaya," alisema Hinano, binti yake wa miaka minane, akijipenyeza chini ya blanketi. "Wote wanapiga. Nani anawatibu?"

"Mtabibu wetu dhaifu, mwanangu. Pigo moja tu, chali."

"Si umweke nyuma ya mwenye ngao? Shuleni, siku yetu ya zamu ya kugawa chakula, tukibeba sufuria sote, supu atapakua nani?"

Kanae alicheka, akawatoa wapiganaji wawili, akawaingiza mwenye ngao na mtabibu. Joka lilipiga, ngao ikapokea. Mashujaa walijeruhiwa, wakatibiwa, wakarudi kupiga, mpaka joka likaanguka.

Alimtazama huyu aliyemzaa juzi tu, akajiona yeye ndiye mwanafunzi.

"Haya mwalimu, tufanye nini sasa?"

"Tumwache mtabibu apumzike, sisi tukale wali," alisema Hinano.