Baba Amepata Choo

"Umepata choo, mzee?" nesi alimuuliza baba kila asubuhi pale wodini, na baba, kwa adabu zake zote, alijibu, "Nimepata, binti yangu, ahsante." Nami naitikia kwa kichwa! Kumbe baba alidhani anaulizwa kama amekiona kile cha mwisho wa korido. Fundi bomba tangu ujana wake, ukimtajia choo atawaza nini kingine?

Tuliligundua hilo nyumbani, aliposukuma sahani. "Sili. Bomba likiziba, hufungulii maji."

"Fundi kaziba!" kaka yangu akacheka. Nilimkata jicho, akanywea. Mkono wa baba ulikuwa umepasuliwa ukatiwa chuma, na mfupa hauungi kwa kushinda njaa. Mashavu yalikuwa yameshaingia ndani. Niliogopa, jamani, niliogopa kweli.

Yule nesi wa wodini alikuja nyumbani kumwona, akambonyeza tumbo, akauliza kama anatapika. Akasema hakuna la kutisha, ni dawa za maumivu tu ndizo zilizomfunga choo.

"Basi nipe dawa kali isukume yote kwa mpigo," baba akadai.

"Mzee, wewe si bomba. Taratibu."

Maji, basi, tena mengi. Maharage, uji wa unga usiokobolewa, dawa kidogo ya maji ya kulainisha choo. Atembee uani. Akishastaftahi aende akakae chooni, miguu juu ya kigoda, asijikamue, na mtu asimgongee mlango. Baba akagoma kula vyote isipokuwa papai, kwa kuwa nesi alimwapia kwamba papai ni maji yaliyosimama. Nikaanzia hapo hapo. Papai likavuta uji, uji ukavuta vijiko viwili vya maharage, huku akininung'unikia, "Unanijaza tu, mama, utaniua."

Asubuhi moja tumekaa mezani, tumbo lake likanguruma. Kijiko kikasimama hewani.

"Linaita," akanong'ona, akainuka.

Nikamfuata, nikabaki koridoni. Kaka, yule mropokaji, akaja akinyata kando yangu. Mlangoni hapakusikika mguno wala kujikamua. Nikashikwa na kicho, nywele zikanisimama. Vile vipande vya papai nilivyovikata mwenyewe vilikuwa vimeingia gizani mle ndani ya baba yangu, vikafanya kazi yao bila mtu kuvionyesha njia. Mungu wangu, na sote tunatembea na jambo hili kila siku, hatulishangai!

Maji yakavutwa.

Baba alitoka macho yamemlowa. "Mwanangu, nimezibua mabomba ya mji mzima kwa nguvu za mikono hii. Hili limejifungua lenyewe. Sikuligusa."

Nililia pale pale, bila haya. "Nesi nimwambie nini?"

"Mwambie nimepata choo," akasema. "Leo nimemwelewa."

Akakaa, akaivuta sahani kwa mkono mzima. "Na haya maharage mbona machache hivi?"